Kila kitu kiwe 50: shajara ya nyumba na nyonga ya mama

Zimebaki wiki 9

Naandika kama ninavyoandika kazi za karakana: kipimo, mbao, kosa, marekebisho. Mteja safari hii ni mama, miaka 67, na kazi ni nyumba yetu hapa Wete, Pemba. Inatakiwa iwe tayari kumpokea akirudi Dar es Salaam na nyonga ya bandia mguu wa kulia.

Ugonjwa wenyewe ni kusagika. Kwenye eksirei, nyonga ya kushoto ina uwazi mwembamba baina ya kichwa cha paja na kikombe chake. Ya kulia uwazi haupo, mfupa umekaa juu ya mfupa. Miaka minne mama anatembea kwa kuyumba, usiku anageuka kila saa, na vidonge vya dukani havimsaidii kitu.

Tarehe imetugombanisha. Mjomba alitaka Aprili, sikukuu ikishapita. Nikamwambia Aprili ni masika, uani kwetu ni utelezi mtupu, mtu wa magongo atapita wapi? Juni na Julai ni kusi, boti inarushwa na yeye ana mshono. Msimu wa karafuu hakuna atakayebaki nyumbani kumshika mkono, wote wako shamba. Ikabaki Januari: kaskazi, bahari shwari, ardhi kavu. Tumepewa tarehe 14, siku mbili baada ya Mapinduzi.

Mtu wa fizio (tiba ya mazoezi ya viungo) ametupa makatazo matatu. Asikunje nyonga kupita pembe mraba, asikunje nne wala kupishanisha miguu, asigeuze ncha ya mguu ndani. Sababu ni kwamba daktari wetu ataingilia kwa nyuma ya nyonga, na misuli ya huko ikiwa bado haijashika, kichwa kipya kinaweza kuchomoka kwenye kikombe. (Wanaoingilia kwa mbele masharti yao huwa mepesi zaidi. Muulize daktari wako, usichukue yetu.) Nilimuuliza pembe mraba kutoka wapi hadi wapi, akaonesha kwa viganja: kiwiliwili na paja. Nikatoa guni mkobani, kile kipimo chetu mafundi cha pembe mraba, nikamwekea mama ubavuni pale pale kwenye kiti cha hospitali. Nyonga ilikuwa imeshakunjika kupita pembe mraba. Yule kijana wa fizio akaomba aishike guni, akacheka, akasema angependa kuwa na moja.

Jioni nimezunguka nyumba na futi kamba, napima kimo cha kila kitu kwa sentimita. Kochi 36. Kitanda 39. Baraza ya nje 41. Mbuzi ya kukunia nazi 20. Kibao cha jikoni 12. Mkeka wa kulia, msala na choo: sifuri. Goti la mama, kutoka nyuma ya goti hadi chini akiwa na kandambili, ni sentimita 43. Akikaa, nyonga inatakiwa iwe juu ya goti, kwa hiyo kila anachokalia kiwe 50 au karibu yake. Nyumba nzima hamna kitu kimoja kinachofika. Sisi tunakula chini, tunasali chini, tunakuna nazi chini, tunachuchumaa chooni, na tukimaliza yote hayo tunakaa barazani kwenye 41 kupumzika.

Zimebaki wiki 7

Kitanda. Nimekata vigogo vinne vya mfenesi, kila kimoja nimekitoboa shimo la sentimita 4 mguu wa kitanda uzame usiteleze. Nimeinua 12. Hesabu: 39 na 12 ni 51. Safi.

Si safi. Mama alipokaa, godoro la sponji lilibonyea 6, akawa yuko 45. Mimi fundi wa miaka 20 nimepima kitanda bila mtu! Vigogo vipya, inuka 18, mama akikaa ni 51. Vile vya kwanza sikuvitupa.

Wakati nagonga nilimkumbuka bibi. Samadari yake ilikuwa juu, tukiwa wadogo tulikuwa tunaipanda kwa kijingazi. Ingekuwa ndiyo dawa. Tuliiuza zamani kwa mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Unguja, fedha zikaezekea banda la uani, na sasa pengine analalia mtalii asiyejua kwa nini kitanda kiko juu namna ile.

Viti vya plastiki nimeviondoa vyote chumbani. Kiti kile kimelala nyuma, ukikaa makalio yanazama na magoti yanapanda, tena miguu yake inateleza kwenye sakafu ya saruji. Nimemtengenezea kiti kimoja cha mikono, kitako kimenyooka, 50 juu, mikono imefika mbele kabisa ili ajisukume kwa viganja anapoinuka. Mguu wa operesheni unatangulizwa mbele kwanza, ndipo anainuka. Hilo la kutanguliza mguu tumeanza kulifanyia mazoezi sasa, maana nyonga ikishakatwa si wakati wa kujifunza.

Zimebaki wiki 6

Choo ndicho kilichonila siku nyingi kuliko vyote, na sijaona mtu akikisemea wazi, basi nakisemea mimi.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nimeunda kiti chenye tundu cha kusimamishwa juu yake: 50, mikono miwili, miguu imetanuka chini kisipinduke, mpira wa tairi umepigiliwa chini ya kila mguu. Mara ya kwanza tulipojaribu kwa maji yaliruka kila upande. Dawa ni ndoo iliyokatwa kitako, nimeining'iniza chini ya tundu ikafika karibu na shimo. Halafu tundu lenyewe: viti vya dukani nilivyoviona ni duara kamili, na aliyevibuni hakufikiria mtu wa kuchamba kwa maji. Mbele nimekata wazi mkono na kopo vipite bila kuinama. Kopo na ndoo ya maji nimevipandisha kwenye kibao cha ukutani, usawa wa kiuno.

Baada ya vanishi mikono mitatu nikakumbuka kupima mlango. Woka, lile fremu la miguu minne, lina upana wa 62. Mlango wa choo ni 57. Nimeng'oa fremu ya mlango na sasa pana pazia. Mke wangu amesema tangu aolewe anaomba mlango wa choo uhamishwe na sikuwahi kupata nafasi.

Woka yenyewe tuliinunua duka moja mjini (silitaji) ikiwa haina mpira kwenye miguu miwili. Nimekata mpira mwenyewe. Urefu: mama akisimama wima na mikono imening'inia, kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono wake.

Mikeka na mabusati yote yamekunjwa. Njia ya kitandani hadi chooni nimeiwekea taa ya sola inayowaka usiku kucha.

Zimebaki wiki 4

Mbuzi ya juu, jaribio la kwanza. Mama ameridhia kitanda, ameridhia kiti cha choo (kwa kununa), lakini nazi haachi. Nikasema rahisi, nitaipandisha mbuzi miguu mirefu, 50. Kumbe mbuzi husimama kwa uzito wa aliyeikalia. Ukiipandisha juu inayumba kama ngamia, tena unaikalia mapaja yakiwa wazi na mgongo umeinamia mbele kwenye jino. Nimemwekea guni: imepita vibaya. Imefeli.

Zimebaki wiki 2

Habari za mwili. Meno: amekaguliwa, jino moja bovu limeng'olewa, kwa sababu usaha wa mahali pengine unaweza kusafiri kwenye damu ukahamia kwenye chuma kipya. Kidonda cha kisigino kimefungwa na kukauka. Sukari na presha zimepimwa, presha iko juu kidogo, dawa imeongezwa. Vidonge vya maumivu amesimamishiwa. Tulitaja pia habasoda na kitunguu thomu anavyokunywa asubuhi, kwa sababu daktari aliuliza mara mbili, "Na za kienyeji?", na mama mara zote mbili alisema hakuna. Mara ya tatu nilisema mimi. Navyo vimesimamishwa, visije vikafanya damu iwe nyepesi.

Mimi na shemeji tumeombwa tuchangie damu. Mazoezi ni kila asubuhi: kukaza paja, kukaza makalio, kupiga vifundo vya mguu juu na chini, kujiinua kitini kwa mikono. Mikono ndiyo itakayombeba.

Karatasi ya mazoezi tuliyopewa ilikuwa ya Kiingereza tupu. Mama hajui Kiingereza, na aliyeitoa alikuwa akimsemesha Kiswahili. Nimeiandika upya kwa wino mkubwa, nimechora watu wa vijiti, nimeigandisha ukutani.

Tarehe 14 Januari, Dar es Salaam

Jana daktari alituruhusu maswali. Nikamuuliza kazi yenyewe inakwendaje. Akasema kichwa cha paja kinakatwa kwa msumeno, kikombe cha zamani kinachimbwa kikawa duara safi, kikombe kipya kinapigiliwa humo, halafu paja linatobolewa kati na nguzo ya chuma inaingizwa kwa nyundo. Wengine hutiwa saruji maalumu ya mifupa. Wengine, kama mama, nguzo inabana yenyewe na mfupa unaiotea. Nikasema huo ni ulimi na tundu, haupigwi msumari wala gundi. Akasema, "Fundi, unanielewa kuliko wanafunzi wangu."

Alinipa kisa cha John Charnley, Mwingereza aliyeifanya operesheni hii iwe ya kutegemewa. Vikombe vyake vya mwanzo vilikuwa vya Teflon, vikalika haraka, wagonjwa wakarudi na maumivu. Mwaka 1962 akahamia plastiki ngumu zaidi, polithilini, na jamaa yake ndiyo inayotumika hadi leo. Vikombe alikuwa akivikereza mwenyewe kwenye karakana ya nyumbani kwake. Hapo nikatulia. Mtu anayekereza kwa mkono wake, akaona kazi imelika, akatupa, akaanza tena, huyo namjua.

Operesheni: ameingia saa tatu asubuhi, ametoka saa tano na nusu. Alichomwa sindano ya mgongo, kiunoni kwenda chini ganzi, kichwa macho. Neno lake la kwanza: "Mwanangu, ni nyundo kweli. Nimeisikia."

Siku ya 1 hadi ya 5

Siku ya pili asubuhi amesimamishwa. Hatua nne na woka, jasho linamtoka. Kitandani mto mnene umewekwa baina ya mapaja. Analalamika mguu mpya ni mrefu kuliko mwenzake. Nilitaka kutoa futi kamba, mtu wa fizio akanizuia: miaka yote alikuwa akitembea umekunjika, misuli haijazoea kunyooka, nisikimbilie kumnunulia soli nene.

Ngazi amefundishwa siku ya nne. Kupanda unatangulia mguu mzima. Kushuka inatangulia gongo na mguu wa operesheni.

Siku ya 17, safari ya kurudi

Tulikaa Dar kwa dada hadi nyuzi zikatolewa. Boti ya Dar hadi Unguja huchukua saa mbili hivi, tukalala Unguja, kesho yake boti ya Mkoani, bandari ya Pemba. Viti vya boti viko chini, nilibeba mto mgumu. Kila nusu saa alisimama akashika kiti cha mbele, na alipokaa alipiga vifundo juu na chini, kwa sababu damu ikilala kwenye shavu la mguu hata hapo inaweza kuganda. Anakunywa kidonge cha kuzuia hilo, siku 35 tangu operesheni, bila kuruka hata siku moja.

Gari ya Mkoani hadi Wete: kiti cha mbele kimesukumwa nyuma kabisa, mto juu, na juu ya mto nailoni iliyovuliwa kwenye godoro jipya. Anakaa makalio kwanza, mgongo umelala nyuma, halafu anazungushwa, nailoni inateleza naye. Dereva alidhani tunalinda kiti chake kisichafuke, akashukuru sana.

Kufika: kitanda 51, vizuri. Kiti, vizuri. Choo, alikaa humo muda mrefu, akatoka bila kusema kitu. Nimeandika: imefaulu.

Nilichosahau ni kizingiti cha mlango wa uani. Sentimita 9. Kwa sasa nimeweka mbao mbili za mteremko.

Wiki ya 4

Wageni. Mgonjwa wa Pemba hutizamwa, na anayekuja hukaa kitandani pake, humshika mguu, huuliza chuma kiko wapi. Nimeweka benchi mlangoni na ndoo ya kunawia, watu wamenisema kwamba nimekuwa daktari.

Ugomvi mkubwa ni kutembea. Jirani yetu, bibi mwenye heshima zake, alimkuta mama akizunguka ukumbini na woka, akamshika begani: "Shoga yangu, lala, mfupa haujashika!" Mama akarudi kitandani, siku mbili hakutembea. Nikaenda kwa jirani nikamweleza kwa adabu kwamba huu si mfupa uliovunjika unaosubiriwa kuunga. Kulala ndiko kunakoleta madonda, mapafu kujaa na damu kuganda. Alinisikiliza, akaniuliza mimi nimezaliwa lini.

Kesho yake alimleta mkandaji na chupa ya mafuta. Hapo sikuwa na adabu sana. Mguu ulikuwa umevimba kidogo chini, na shavu la mguu lililovimba likiwa lina damu iliyoganda, kulikanda ni kuisukuma ipande hadi mapafuni. Tumekwenda spitali kwanza, wamepima, si damu iliyoganda, ni uvimbe wa kawaida wa jioni, aweke mguu juu akilala. Mkandaji amelipwa nauli yake. Nimeongeza karatasi ya pili ukutani, ya kutukimbiza hospitali: shavu la mguu likivimba na kuuma, pumzi ikibana, kifua kikichoma, homa, mshono kutoa maji au usaha, au mguu ghafla ukafupika na kugeuka kwa maumivu makali.

Udhu: miguu yake naiosha mimi. Hawezi kuifikia, na hatakiwi. Mara ya kwanza alijifunika uso kwa upindo wa kanga. Anasali kwenye kiti, anainamisha kichwa kwa rukuu, kidogo zaidi kwa sujudi. Maalimu alikuja kumhakikishia kwamba inatosha.

Wiki ya 5

Vidonge vya damu vimekwisha na mwezi wa Ramadhani uko mlangoni. Kafurahi, kwake hiyo ni hesabu iliyopangwa. Kuhusu kufunga tumempigia daktari, si jirani.

Siku hiyo hiyo nimemkuta uani anainamia mbuzi ya chini, mkono mmoja kwenye woka, mwingine unaelekea kwenye jino. Sikupiga kelele, niliogopa atashtuka. Nilimshika kiuno nikamwinua wima. Akasema futari bila tui la mkono wake si futari, mihogo ya mkaza mwana ina nazi ya haraka. (Mke wangu alikuwa jikoni, anasikia.)

Usiku ule nimefanya jaribio la tatu. La pili sikuliandika kwa aibu. Jino nimeling'oa kwenye mbuzi, nimelikaza kwenye ubao mnene wa mfenesi, na ubao nimeubana kwa jiriwa kwenye ukingo wa meza. Jino linamwelekea yeye, sinia iko mezani chini yake. Anakaa kwenye kiti chake cha 50, mgongo wima, kifuu kiko usawa wa kifua. Guni imesema sawa.

Nazi ya kwanza aliikuna bila neno. Ya pili alisema chicha limetoka kubwa, jino halina ukali. Nimelinoa.

Wiki ya 6

Kliniki. Picha nzuri, nguzo imekaa. Ameruhusiwa kuacha woka na kushika mkongojo mmoja, upande wa kushoto, ule usio na operesheni. Aliusahau kwenye boti tukarudi kuufuata. Makatazo matatu yanaendelea hadi wiki ya 12. Kuchuchumaa, tumeambiwa tusahau kabisa, kiti cha choo kibaki.

Wiki ya 9

Jana baada ya futari jirani alikuja peke yake, mlango wa nyuma, akipita kwenye mbao za kizingiti ambazo bado sijazimaliza. Alikaa na mama ukumbini muda mrefu. Mama akamtembeza kila mahali: kitanda, kiti, akafunua hata pazia la choo. Halafu wakaniita.

Jirani hakunitazama. Alisema mguu wake wa kushoto, tangu mwaka juzi, asubuhi haufunguki. Akakaa kwenye kiti cha mama, akavua kandambili, mama akamwambia avae, kipimo huchukuliwa na kandambili. Nikapiga goti na futi kamba.

41. Vigogo vya 12 vinaweza kumfaa, lakini kwanza nitakwenda kupima kitanda chake yeye mwenyewe akiwa amekikalia.